Mkwe na Mkamwana Darasani

Mwalimu Damari alifundisha darasa la pili kwao Iringa tangu ujana wake, akastaafu akiamini hakuna darasa la kumshinda. Alipohamia Rujewa kwa binti yake, kanisa likamwomba awafundishe watu wazima kusoma, alasiri, wakishatoka kwenye mashamba ya mpunga. Akakubali papo hapo.

Siku ya kwanza akapiga makofi. "Mikono juu! Mikono mabegani! Kidole mdomoni!"

Mzee Asukile, mwenye mvi kichwa kizima, akageuka kutazama kama kuna watoto nyuma yake. Bupe, anayewauzia vitunguu abiria wa mabasi pale Igawa, akacheka hadi kilemba kikamdondoka. Damari akamsimamisha kona. Wapi! Koo lililozoea kushindana na injini za mabasi likazidi kusikika.

Ila aliyemtoa jasho hasa ni Tumpe, mama kijana asiyefungua mdomo, kazi kujibanza nyuma ya kabati. "Aibu tu hiyo," Damari akajisemea, akaamua kuitibu.

"Tumpe mwanangu, njoo ukae hapa mbele, na Mzee Asukile."

Tumpe akaruka dirishani, akatoka nje. Mzee naye akajifunika uso kwa kofia.

"Mwalimu, umefanya nini!" Bupe akapaza sauti toka kona. "Yule ni baba mkwe wake! Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hamkaribii mkwe, hata njiani anampisha!"

Damari, Mhehe wa watu, akamgeukia. "Sasa mbona hamkuniambia?"

"Si ulisema kidole mdomoni?"

Kesho yake hakupiga makofi. Tumpe aliwekewa kigoda barazani, chini ya dirisha. Bupe akatolewa kona na kupewa dirisha hilo, awe anamrushia mwenzake kila silabi ya mwalimu. "Ba! Be! Bi!" Hata wapita njia wakawa wanaitikia, na Tumpe, bila mkwe machoni, akasoma kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo.

Halafu ikaja mvua ya upepo, ikapiga hadi barazani. Tumpe akalowa chapachapa, lakini kuingia hataki. Damari akabaki na chaki mkononi, hajui aamuru nini.

Mzee Asukile akainuka, akabeba kiti chake, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kukaa nje. "Humu ndani joto sana," akasema.

"Tumpe, ingia!" Bupe akatangaza. "Baba katoka!"

Damari akafungua mwavuli wake, akautoa kwa dirisha la nyuma, kando ya ubao, hadi juu ya kichwa cha mzee, na mkono wa pili ukaendelea kuandika ubaoni, herufi zikipinda kama mkia wa mbuzi.