Nilipouza Miksa Nikabaki na Kamba Yake

Watu huniuliza kwa nini niliuza miksa, na mimi huanza kuwajibu mambo mengine, kwa sababu hilo walilouliza jibu lake silijui vizuri. Niliuza, hilo ni kweli. Na ni kweli pia kwamba kwa siku kadhaa mtu mmoja wa Kasulu aliniona mwizi, ingawa adabu yake haikumruhusu kulitamka.

Asiyeijua miksa aelewe hivi: ni meza ya chuma ya kurekodia muziki, ndefu kuliko mlango, imejaa vifundo vilivyopangana kama punje kwenye gunzi. Kila mwimbaji ana mstari wake. Ukimsukuma juu anasikika, ukimshusha ananyamaza hata kama mdomo wake unaenda. Pembeni kuna boksi zito la umeme, na kati ya boksi na meza kuna waya mmoja mnene kama mkia, wenye pini nyingi kichwani. Huo waya muukumbuke, ndio ulionitia matatani.

Mimi si fundi wa kusomea. Shule niliishia darasa la nne, siku hizo ukivuka hapo ulionekana umebebwa na malaika. Wamisionari waliokuwa na studio hapa Kibondo waliniajiri kuwasha jenereta, na walipofunga wakaniachia mashine kwa kuwa hakuna aliyetaka kuibeba. Herufi zake za Kizungu sikuzijua, basi nikabandika vipande vya rangi: nyekundu sauti ya kwanza, kijani besi. Nikarekodi kwaya za Murungu, za Heru Juu, hadi za kambini kwa wakimbizi. Warundi tulielewana bila mkalimani, maana Kiha chetu na Kirundi ni majirani wa ua mmoja. Wakongo walikuwa wakiniambia kwa Kifaransa "sava?" na mimi najibu "sava", kutwa nzima, sijui nimekubali mambo mangapi.

Lakini hayo yamepita. Sasa vijana wanarekodi kwenye kompyuta ndogo, wengine kwenye simu wakiwa wamelala. Miksa ikabaki chumbani. Waliobaki nayo ni akina mama wa kwaya ya zamani, rika la mke wangu. Kila Alhamisi mchana wanakuja chumba kile, wanasimama mbele ya mashine iliyozimwa, wanaimba. Hawarekodi chochote. Wamezoea tu kusimama pale. Mke wangu ndiye anayeanzisha, na nikiwa nje nachambua maharage huwa najua wiki imefika katikati. Mimi bila Alhamisi hiyo nyumba hii naiona kama godauni.

Sasa mtaniuliza, kama ni hivyo uliuzaje? Ndiyo hapo. Mwalimu mmoja kutoka Mbeya, mpangaji wetu, aliipiga picha akaitupia kwenye mtandao, akasema vitu vya zamani vina watu wake. Baada ya wiki simu ikalia. Ni mfanyabiashara wa Kasulu, mwenye duka la redio na spika, Mwislamu, baba yake alitoka Tanga. Akataja bei mwenyewe. Mimi nikasema "ndiyo" kabla sijafikiri, na mke wangu akasema "ndiyo" baada ya kufikiri, na mpaka leo sijui ni "ndiyo" ipi iliyouza.

Alikuja na pikapu na wabebaji. Mtu mzima, ana mvi za ndevu, lakini akanipa shikamoo kwa heshima zote. Tukaiwasha, taa zikawaka. Akasugua mikono.

"Mzee wangu, hizi mashine sauti yake ina joto."

"Ndiyo," nikasema, "tena joto sana. Tulikuwa tunaipepea kwa ungo."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kilichomchekesha sikukijua, nami nikacheka ili asicheke peke yake.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Ng'ombe akiuzwa, hauzwi na kamba yake. Mnunuzi anakuja na umugozi wake mwenyewe, anamfunga, halafu wewe unafungua wa kwako na kuurudisha nyumbani. Baba yangu alinichapa nikiwa mdogo kwa kumwachia mchuuzi mmoja kamba. Alisema ng'ombe akiondoka na kamba ya boma, atawavuta waliobaki, mmoja mmoja, mpaka zizi liote majani. Na jambo hilo halisemwi mnadani. Kila mtu anajua. Ukilisema ni kama umemtuhumu mwenzako.

Basi yule bwana alishuka kwenye pikapu na kamba za manila, mpya, na mfuko uliojaa nyaya za kila aina. Nikajiambia: huyu anajua mila, amekuja na kamba yake. Wakati wa alasiri akaenda barazani kuswali. Mimi nikauchomoa ule waya mnene, nikauzungusha mkononi, nikautundika kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo kamba ya ng'ombe ingetundikwa kama ningekuwa na ng'ombe. Sikuuficha. Nasema tena, sikuuficha. Wabebaji wakapakia meza, wakapakia boksi, tukaagana, vumbi likapanda.

Alhamisi iliyofuata akina mama walikuja watatu tu.

Mvua ilinyesha siku hiyo, hilo nalikubali. Lakini mvua si mara yake ya kwanza kunyesha Kibondo. Wakaimba ubeti mmoja, wakasema chumba kimekuwa kikubwa mno, wakaondoka. Kesho yake simu ikalia.

"Mzee wangu, mbona mashine haiwaki?"

"Haiwaki vipi? Kwangu iliwaka."

"Waya wa kuunganisha na boksi siuoni. Ule mnene."

"Si umekuja na wako?"

Nikadhani salio limeisha.

"Wangu upi, mzee?"

"Ulikuwa na kamba, nimeziona. Na mfuko wa nyaya."

"Kamba zile za kufungia mzigo! Na nyaya zangu haziingii hapo. Waya ule haupo Kasulu, haupo hata Dar. Mzee, umeuzuia?"

"Nimeurudisha," nikasema.

"Umeurudisha wapi?"

"Nyumbani."

Nilisikia anavuta pumzi. Akasema atapiga tena, akiwa ametulia.

Mke wangu alikuwa anasikiliza, mikono kiunoni. "Baba, ng'ombe gani ana swichi?"

"Kuuza ni kuuza."

"Mtu wa watu amebeba chuma mpaka Kasulu, kimelala kama maiti. Shusha huo waya umpelekee. Tutaitwa wezi uzeeni."

Nikainuka kuushusha. Nilipoushika akaniambia, sauti imepungua, "Ngoja kwanza." Akakaa kwenye kigoda. "Jana wamekuja watatu."

"Ilinyesha."

"Ilinyesha," akasema. Lakini aliitazama ile nafasi tupu.

Tulikaa hivyo siku tatu. Asubuhi yeye anasema upelekwe, mimi nasema tungoje. Jioni nasema nitaupeleka, yeye anasema kamba ni kamba. Nikamwuliza mwalimu wetu mpangaji. Akasema kisheria nyongeza ya kifaa ni sehemu ya kifaa. Nikamwuliza, na kamba ni sehemu ya ng'ombe? Akasema hapana. Nikamwambia basi tumerudi palepale. Akaenda kusahihisha madaftari.

Kilichoniamulia sijui ni nini. Siku ya nne niliamka nikajikuta nimevaa koti. Nikauweka waya kwenye kikapu, nikaufunika na kitenge kama mtu anayebeba kuku, nikapanda gari la Kasulu.

Dukani kwake nikaikuta miksa sakafuni, katikati ya spika, imefunikwa shuka safi. Hilo lilinigusa. Hakunikaripia. Aliagiza chai ya maziwa na andazi, akanisubiri nimalize. Nikamweleza mambo ya kamba yote, tangu fimbo ya baba. Mara ya kwanza akacheka. Halafu akaacha.

"Kwa hiyo nikiuchukua huu waya, hofu yako ni nini hasa, mzee wangu?"

"Akina mama hawatakuja tena."

Akajikuna ndevu. "Waya ni mrefu. Fundi anaweza kuukata, vichwa nibaki navyo mimi, kipande cha katikati uende nacho wewe."

Nikashtuka. "Usiukate! Kamba inakatwa ng'ombe akifa."

"Basi mzee, mimi nifanyeje? Wewe ndiye unayejua mila, mimi najua spika."

Swali lake lilikuwa la haki. Baba hakuwahi kuniambia ufanyeje mnunuzi akikosa kamba dunia nzima. Nilijaribu kumwuliza moyoni, nikaona anainua fimbo tu, haisemi iangukie nani. Mwishowe nikautoa kwenye kikapu nikampa kwa mikono miwili, ndivyo tunavyompa mtu kitu kikubwa. Akaupokea kwa mikono miwili. Akauchomeka, taa zikawaka, akasema alhamdulillahi. Nikaomba ruhusa niondoke kabla hajapiga muziki.

Nyumbani mke wangu aliangalia kikapu kilivyo chepesi, akakiweka kando.

Alhamisi ilipofika nilijiweka nje mapema. Saa nane akafika wa kwanza, akafuata wa pili, wakaja wawili kwa bodaboda moja. Wakaja na wale ambao sikuwa nimewaona tangu mwaka juzi, mmoja na fimbo. Nikaacha kuhesabu. Chumba kikajaa mpaka mlangoni. Nikasema, ahaa.

Lakini hawakuimba. Walikuwa wamesikia habari ya mzee aliyeuza mashine akazuia kamba, wakaja kuipata yote. Mke wangu akaisimulia, akaniigiza nilivyosema "nimeurudisha", wakacheka, wakapigana mabega, wengine wakasema nilikosea kuupeleka, wengine nilikosea kuutundika kwenye msumari tangu mwanzo, mmoja akasema kosa ni la mnunuzi. Wakabishana mpaka jua likazama, wakajifunga vitenge, wakaenda zao.

"Wamekuja," nikamwambia mke wangu.

"Hawajaimba," akasema.

"Lakini wamekuja."

"Lakini hawajaimba, baba."

Tukabaki tumekaa, kila mmoja na lake. Leo ni Jumanne. Nimefagia chumba. Nimemwuliza kama ataanzisha wimbo, akasema itategemea nani atasimama karibu naye, aliyekuja kuimba au aliyekuja kucheka.