Nyirinyiri Siku ya Utamaduni

Ujumbe wa mwalimu uliingia kwenye simu nikimwagilia sukuma, na kabla sijaufungua nilijua kuna kitu wanataka. Shule haikutumii ujumbe kukusalimia. Nikausoma mara mbili. Ati shule zote za kaunti ndogo yetu zitakuwa na Wiki ya Wema, na Ijumaa yake itakuwa Siku ya Utamaduni. Shule yetu ndiyo mwenyeji. Kila mtoto atajifunza mila za wenzake, aonyeshe alichojifunza, na wazazi waje na chakula cha kwao. Nikarudisha simu mfukoni nikashika mtungi wangu wa maji. Wema wa wiki moja ni wema gani? Jumatatu ikifika warudi kuchapana?

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu husema hata mvua ikinyesha mimi nauliza imetumwa na nani. Ni kweli, na sioni aibu. Nilizaliwa Kola, nikaolewa huku karibu na mji wa Machakos, na katika miaka yangu yote sijaona mtu akiumia kwa kuuliza maswali mengi. Walioumia ni wale wa kuamini amini.

Jioni binti yangu, ambaye yuko gredi ya saba, akaja na mengine. Mwalimu amewabadilisha. Yeye atavaa nguo za Kisomali na kusimulia mila zao, na rafiki yake Msomali atacheza ngoma yetu ya Kikamba, filimbi mdomoni.

"Na hiyo nguo unapewa na nani?"

"Mama yake ataniazima."

"Bure?"

"Mama, aki."

Huyo rafiki alikuwa mtoto wa pekee wa Kisomali katika darasa lao. Baba yake hununua mbuzi na ng'ombe katika masoko ya huku kwetu, mama yake ana duka la vitambaa mjini. Mtoto mwenyewe alizaliwa hospitali ile ile alikozaliwa wangu, na Kikamba anakisema hadi unashangaa, lakini darasani walimwita mgeni. Wakati wa chakula walimwachia benchi zima. Wangu tu ndiye alikaa naye, na hata mimi sikuipenda sana hiyo habari. Mtoto wa watu wa duka anataka nini kwa mtoto wa mkulima? Nilijiuliza hivyo tangu muhula uanze na sikuwa nimepata jibu.

Usiku huo binti yangu hakumaliza ugali wake. Nilipombana akaanza kulia. Baba ya rafiki yake amechoka kusikia mtoto anakula peke yake. Amesema atamhamisha, ampeleke Garissa kwa nyanya yake, asome na wenzake. Mama hataki mtoto aende mbali. Amemwomba mumewe angoje hii Siku ya Utamaduni. Yeye atapika, watu watakaa wale pamoja na mtoto wao, na baba atakuja baada ya swala ya Ijumaa ajionee mwenyewe. Asipoona kitu, basi, mtoto anaenda.

"Sasa wewe unalia nini? Si atakuwa na nyanya yake?"

"Mama, mimi nitabaki na nani?"

Hilo swali lilinichoma. Sikuwa nimejua kwamba na wangu pia hana mwingine.

Ijumaa ikafika na jua la Februari, lile la kukausha mpaka mate. Uwanja ulikuwa na hema, vipaza sauti, na watoto wa shule nyingine waliopangwa kwa mistari wakiwa tayari na kiu. Watoto wetu wa Kikamba walikuwa wamefungwa shuka za Kimasai, wengine wamevalishwa kanzu za Pwani zinazoburuta chini. Kwenye ukuta wa ofisi walikuwa wamebandika karatasi nyekundu za umbo la moyo, kila mtoto ameandika wema aliotenda wiki hiyo. Nikasoma chache. Watoto wengi mno walikuwa wamesaidia kikongwe kubeba maji. Vikongwe wote hao wanatoka wapi, na mbona maji ya kwangu nabeba mwenyewe?

Meza za chakula ziliwekwa chini ya jakaranda kando ya uwanja. Mimi niliwekwa na muthokoi wangu, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, na meza iliyofuata ilikuwa ya mama Msomali. Tulisalimiana. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, na alikuwa amepika kupita kiasi. Anjera, ile mikate yao myembamba ya kumimina, zilikuwa zimepangwa kama nguo zilizopigwa pasi. Kulikuwa na chai ya maziwa ya ngamia kwenye chupa kubwa, na katikati bakuli la nyirinyiri. Nitaeleza kwa asiyeijua: ni nyama iliyokatwa vipande vidogo vidogo, ikakaangwa hadi ikauke, ikazamishwa kwenye samli. Inakaa miezi bila kuharibika. Mimi nyama isiyoharibika naiangalia kwa jicho moja.

Sasa, kwetu mwenye chakula huonja kwanza. Anaonja mbele ya watu, wamwone. Mama yangu alikuwa akipiga funda la kwanza la uji kabla ya kumpa mgeni kibuyu, na mgeni naye hunyoosha mkono akishaona koo limemeza. Sababu haisemwi. Si adabu kuisema, lakini kila mtu anaijua. Kwa hiyo nilipofunua sufuria yangu nilichota kijiko, nikala, nikalamba, na watu wakaja na sahani zao.

Kwa jirani yangu hawakuja. Walipita, wakatazama, wakasema "chakula kizuri, mama," wakaendelea na safari. Mwalimu wa darasa alipokea kikombe cha chai, akasema ni moto, akakiweka mezani akaenda zake. Mgeni mmoja wa ofisi ya elimu alipigwa picha akiwa ameshika anjera, na picha ilipokwisha akairudisha taratibu. Wanawake wawili wa kanisani kwetu wakanikaribia, wakijifanya wanachagua kijiko.

"Umemwona?" mmoja akaninong'oneza. "Tangu asubuhi hajaonja."

"Hata maji," akasema mwingine. "Jua lote hili."

Nilikuwa nimemwona. Nilikuwa nimemwangalia yeye kuliko nilivyoangalia ngoma. Midomo ilikuwa imemkauka na chupa ya maji ilikuwa pale mbele yake haijafunguliwa. Alikuwa akiwakaribisha watu, "Karibuni, kuleni, msione haya," na yeye mwenyewe mikono amekunja. Nikasema moyoni, mwaitu, mama yangu, kuna kitu hapa.

Binti yangu akaja ndani ya nguo yake ya Kisomali, nyepesi ya rangi ya chungwa, shungi limemkaa vizuri kuliko nilivyotaka limkae. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama, swala inakaribia kuisha. Baba yake anakuja na chakula hakijaguswa. Kula basi, watu wakuone."

"Wewe umekula?"

"Si ni wewe ulinikataza? Ulisema nisile kwa mtu mpaka mwenyewe aonje."

Nilikuwa nimemfundisha hivyo tangu hajaota meno. Nikafunika muthokoi, nikaenda kwa jirani.

"Mama, umepika sana."

"Karibu. Chukua sahani."

"Na wewe umekula?"

"Nyinyi kwanza. Kwetu mwenye nyumba anakula mwisho, wageni wakishashiba."

"Kwetu ni yeye anaanza," nikamwambia. "Asipoanza, watu hawali."

Akanitazama. "Kwa nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilisema ni mila tu, ni vile tulilelewa. Lakini yeye hakuwa mtoto. Nilimwona akiipokea hiyo habari polepole, akageuza macho kwa wale wanawake wawili, akaangalia kile kikombe cha mwalimu ambacho chai yake ilikuwa imeganda utando.

"Wanafikiri nimeweka kitu kwa chakula?"

Uwanjani binti yake alikuwa akitikisa mabega na wenzake, filimbi mdomoni, leso mbili kiunoni, anaruka kuliko Wakamba wenyewe, na kila akitua anatupa jicho kwenye meza ya mama yake. Mama akamwangalia mtoto. Akaangalia lango la shule. Akafumba macho kidogo, midomo ikacheza bila sauti, kisha akakata kipande cha anjera, akakijaza nyirinyiri, akakila. Alitafuna polepole. Akajimiminia chai, akanywa kikombe kizima.

"Haya," akasema kwa sauti. "Karibuni sasa."

Nilikuwa wa kwanza. Sitasema uongo, ile nyama ilikuwa tamu, ina iliki na chumvi, na samli yake inateleza vizuri. Nilirudia, nikarudia tena. Wale wawili wa kanisani wakaja nyuma yangu, kisha mwalimu, kisha darasa zima la gredi ya saba likavamia meza kama kuku waliomwagiwa mtama. Binti yangu alikula kwa mikono yote miwili akiwa na nguo ya watu.

Ngoma ikaisha na yule msichana akaja mbio, anahema. Alipofika akamkuta mama yake na kipande kingine mkononi, anatafuna. Akasimama ghafla. Furaha yote ikamtoka usoni. Akasema jambo kwa Kisomali, kwa hofu, na mama yake akamtikisia kichwa na kumwambia neno moja fupi, la kunyamazisha. Watoto wenzake wakamvuta wakampa nafasi kwenye benchi, katikati yao, lakini bado alikuwa akimwangalia mama yake mdomoni.

Mimi niliyaona yote. Na nina vipande sijui vingapi tumboni. Kwa nini mtoto aogope kumwona mama yake akila chakula chake mwenyewe? Anajua nini kuhusu hiyo nyama? Nilianza kulisikiliza tumbo langu. Likasokota, au nilidhani limesokota. Nikamtafuta binti yangu nimkague macho, akanicheka.

Baba akaja, kofia ya swala bado kichwani. Alisimama mbali kidogo akatazama lile benchi. Mtoto wake hakuonekana kwa jinsi wenzake walivyombana, kelele tu na mikono kwenye bakuli. Alikaa pale muda mrefu kuliko mtu aliyekuja kuchungulia. Kisha akamwendea mkewe, akamwambia maneno machache, na yule mama akajifunika uso kwa shungi lake. Binti yangu akanikimbilia kuniambia rafiki yake haendi Garissa. Nilifurahi, kweli nilifurahi, lakini tumbo nalo lilikuwa halijaniambia lolote la kuaminika.

Kwa hiyo nilimfuata yule mama kwenye mfereji alipoenda kuosha sufuria. Nilimuuliza hivyo hivyo, bila kuzunguka: mtoto aliogopa nini?

Alicheka kidogo, akiwa bado na machozi. "Nilikuwa nimefunga."

"Kufunga nini? Ramadhani si bado?"

"Iko mlangoni. Nilikuwa nalipa ya mwaka jana. Kuna siku za mwezi mwanamke hafungi, unajua zile. Anazilipa baadaye. Hii ilikuwa yangu ya mwisho, nimeiahirisha mwaka mzima, na mwezi unaweza kuandama leo jioni. Sasa siwezi kuilipa kabla. Mtoto ameshtuka kwa sababu saumu ya kulipa huivunji hivi hivi tu. Ni dhambi." Akasugua sufuria. "Nitaongea na Mungu."

Nilibaki nimeshika bakuli lake. Nilijisikia vibaya, kisha nikajisikia na hasira pia, maana mimi nikijisikia vibaya hasira haiko mbali.

"Lakini si ungesema tu? Ungetuambia umefunga, tungeelewa. Sisi si wanyama."

Akafunga mfereji. Akageuka akaniangalia, bila ubaya wowote, vile unamwangalia mtu unayemuuliza njia.

"Wewe ulikuwa umesimama pale mbele yangu. Ningekuambia siwezi kuonja chakula changu kwa sababu nimefunga. Ungekula?"

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nilijua ningefanya nini: ningerudi kwa wale wawili, niwaambie amepata na kisingizio, na hakuna mtu angekula.

"Nisingekula," nikasema.

"Ndiyo maana nilikula," akasema.