Baba yangu alivyoikimbia filamu yangu ya kutisha, kibanda kizima kikamfuata

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Haya ninayoandika hayana chumvi. Mke wangu yupo hapa pembeni na lazima ayasome kwanza ndipo nitume.

Mimi ni mkulima wa parachichi huku Kisondela, ila nina ugonjwa wa camera. Juzi kati nikatengeneza short film ya dakika kumi na mbili. Mwanamke anatembea migombani, nywele zimemfunika uso, haongei. Unasikia tu nyayo zake kwenye majani makavu. Dakika ya tisa anageuka, uso unajaa skrini nzima.

Huyo mwanamke ni mke wangu. Nani mwingine angekubali kupakwa majivu bure?

Nilimwahidi hivi: watu wakiogopa, naendelea. Wakicheka, camera naiuza, narudi kwenye miche yangu kwa adabu.

Jumamosi mchana nikaionyesha kwenye kibanda umiza cha kijijini, kile cha kulipia kutazama video. Kikajaa.

Baba yangu akakaa benchi la mbele na koti lake la mvua. Baba ndiye anayeongoza vijana kuchimba makaburi hapa kijijini. Hakuna aliyewahi kumwona akiogopa kitu.

Sasa wakuu, watu wakaanza kucheka. Bodaboda mmoja akauliza hiyo migomba ni ya nani, mbona haijapaliwa. Akina mama wa nyuma wakabishana kama zile ndizi ni za kupika au za kuivisha. Kwenye horror! Nikaona camera yangu inaondoka hivihivi.

Dakika ya tisa, mke wangu akageuka.

Baba akavuta koti, akajifunika kichwa chote, akatoka mbio ameinama, akijigonga kwenye mabenchi.

Kila mtu akawaza lilelile: kama mchimba makaburi amekimbia, sisi tunangoja nini? Ule mlango mdogo sijui uliwapitishaje. Dakika tatu za mwisho nilizitazama mimi na mwenye kibanda.

Ukweli ni kwamba Baba hakuogopa. Sisi Wanyakyusa, hasa wazee wetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Baba akija kwangu anakohoa tangu njiani, mke wangu anatokea mlango wa nyuma. Miaka sita wameishi hivyo kwa heshima. Mimi mwanawe nikamletea uso wa mkwewe, mkubwa kama mlango. Wallahi sikuwaza kwamba na skrini inahesabika.

Maoni ya watazamaji sasa! Mmoja kaandika kwenye group la kijiji kwamba aliona mkono unatoka kwenye skrini. Huyo siku hiyo alikuwa sokoni Tukuyu. Mwingine kasema hajaenda shamba siku tatu kwa woga, na sote tunajua hata kabla ya filamu alikuwa haendi. Nikawajibu asanteni, nikakaa kimya na sifa zangu za wizi.

Nyumbani hakukuwa na sifa. Mke wangu alilia kwa aibu, na kikohozi cha Baba hakikusikika kwetu siku nne. Iliniuma sana. Siku ya tano nikaenda kwake kuomba radhi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mkwe wangu hana kosa," akasema. "Wewe ndiye huna akili."

Kisha akauliza, "Ikaishaje? Mimi nilitoka haijaisha."

Nikaiweka kwenye simu. Akanipa mgongo, akasikiliza zile nyayo tu, hakuona hata picha moja. Ilipoisha akaniambia nimsindikize chooni.

Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, na choo chenyewe unakiona ulipokaa.

Kesho yake nikasikia mtu anakohoa njiani. Mke wangu akacheka, akatokea mlango wa nyuma. Camera siuzi.

Nilichojifunza: kabla hujamchagua wa kuigiza, mjue na atakayekuja kutazama. Na sauti msiidharau, wakuu.

Ndaga fijo, asanteni kwa kusoma. Sasa nyie mliokuwepo kibandani, semeni ukweli hapa chini: mliikimbia filamu, au mlimfuata baba yangu?