Kofia ya Dirisha la Magharibi

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nimesimama nje ya wodi, nusu ya mwili wangu iko kivulini na nusu iko juani, najisifu kimoyomoyo. Ilikuwa upande wa Baray, katika kijiji ambacho sitakitaja, maana wapo watoto wanaoishi pale na hawana kosa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimejenga dirisha kubwa kuliko madirisha yote ya kijiji kile, nikalielekeza magharibi, kule ardhi inakoshuka taratibu hadi Ziwa Eyasi, ambalo kwa mbali huonekana jeupe kama maziwa yaliyomwagika. Nilidhani nimewafanyia wagonjwa hisani.

Lazima ujue nilikotoka ndipo utanielewa. Nimezaliwa juu, kwenye mashamba yanayopakana na msitu wa Ngorongoro, mahali ambapo ukungu hukaa mlangoni hadi saa nne na bibi zetu huegemea ukuta kuota jua kama mijusi. Kwetu jua ni mgeni wa heshima. Mtu akijenga anakwambia, fundi, dirisha liweke pale jua litakapopita. Ndivyo nilivyofunzwa. Shule niliishia darasa la nne, na ufundi wenyewe niliuokota kwa macho. Miaka ile ya kuhamia vijijini mafundi walikuwa hawatoshi, hata mimi nikaonekana wa maana. Nikapandishwa lori Karatu, nikashushwa kwenye joto la Baray, na kichwani nimebeba nyumba ile ile ya ukungu. Sikubadilisha hata tofali.

Kituo kile cha afya kilikuwa kidogo, wodi moja yenye vitanda sita. Kitanda kilichokuwa usawa wa dirisha langu alilala bibi mmoja aliyeitwa Hhawu. Sote tulimwita Ama, yaani bibi kwa Kiiraqw, hata nesi ambaye hakuwa Mwiraqw. Aliteleza korongoni akienda kuteka maji, akavunjika nyonga. Hospitalini walimfunga plasta ngumu kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo, wakamrudisha kwetu na neno moja: alale miezi miwili bila kugeuzwa, atatembea; akihamishwa kabla, hatatembea tena.

Sasa fikiria, mwanangu. Mtu hawezi kugeuka. Saa nane jua linapita kizingiti cha dirisha, linaweka doa dogo sakafuni, zuri hata, la rangi ya asali. Saa tisa doa limefika mguu wa kitanda. Saa kumi limepanda juu ya plasta. Saa kumi na moja limemkalia usoni, naye anafumba macho na kusubiri. Vumbi la ziwa linaelea ndani ya mwanga ule polepole, kama kitu kinachoota ndoto. Ukiingia wakati huo, wodi nzima ina rangi ya dhahabu na kimya, utadhani uko kanisani. Mimi niliingia, nikasema moyoni, ona nilivyopendezesha. Sikumtazama aliyelala.

Vitanda havikusogezwa. Nesi aliwahi kujaribu, lakini wodi ilikuwa nyembamba na vitanda vyote sita vilipigwa na jua lile lile, tofauti ni dakika tu. Pazia likifungwa, upepo unakatika na watu wanapumua kama wamefungiwa kwenye gunia. Ama akaanza kukataa uji wa jioni. Jasho lilikaa chini ya plasta, mgongo ukaanza kuchubuka. Wanawe walipokuja Jumapili wakasema joto hili litamuua mama yetu, Jumapili ijayo tunakuja na machela, tunampeleka nyumbani. Nesi aliwasihi hadi sauti ikakauka. Wakampa wiki moja.

Kwa hiyo tulikuwa na wiki moja ya kuzuia jua, na kilichokuwa mizanini ni miguu ya bibi yule.

Aliyekuwa juu yangu kazini alikuwa Paskali, msimamizi. Namtaja. Paskali alikuwa amejenga nyumba za wageni kule juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Akaja, akakunja mikono, akasema dawa ni kofia. Kofia ya dirisha, mafundi tunaita hivyo, ni kile kibao cha zege kinachotokeza ukutani juu ya dirisha. Kule kreta zilikuwa nyingi. Hakusema, na labda hakuwaza, kwamba kule kofia iliwekwa kuzuia mvua. Jua la kule wageni walilitafuta wenyewe wakiwa na masweta.

Niliingia kupima dirisha kwa ndani. Ama alikuwa macho.

“Unapima nini, mjukuu wangu?”

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia nisimame mlangoni nitazame magharibi, kama mtu anayesubiri ng'ombe warudi. Ilikuwa karibu saa kumi na moja. Nikafanya hivyo kwa kumridhisha.

“Mkono wako uko wapi?”

Nikajitazama. Mkono ulikuwa mbele ya uso wangu, umesimama, kiganja kimelifunika jua lenyewe.

“Mchana ungeuweka juu ya paji la uso,” akasema. “Jioni unauleta mbele. Hakuna aliyekufundisha. Sasa nyumba yenu mnataka kuivisha kofia saa hii. Jua hili haliji kutoka juu, mjukuu wangu. Linakuja limeinama, linapita chini ya kofia kama mbuzi anavyopita chini ya uzio.”

Mwanangu, aliniambia yote siku ile. Miaka mingi sasa nimejenga, na hakuna mhandisi aliyewahi kuniambia zaidi ya hayo. Nami nilifanya nini? Nilicheka kwa adabu. Nikasema, sawa Ama, nitamwambia mkubwa. Nikamwambia Paskali kwa mzaha, tukacheka wote wawili, eti bibi wa plasta amekuwa mkaguzi wa majengo. Kisha Paskali akasema, kama jua linapita chini, tutairefusha kofia mpaka lishindwe.

Hapo ndipo ujinga ulipozaa ujinga. Kofia ya kawaida inatokeza mkono mmoja. Tukaipanga itokeze hatua nzima ya mtu mrefu. Nilitengeneza fomu ya mbao ya kumwagia zege, nikaisimamisha juu ya mirunda, zile nguzo za miti, nikafunga nondo. Nilikuwa nimefunga linta nyingi, zile boriti za zege zinazopita juu ya milango, na kwenye linta nondo hulala chini, maana linta imeshikwa huku na huku na hubonyea katikati. Nikazilaza chini, kama nilivyozoea, nikamwaga zege. Kumbe kitu kinachoning'inia upande mmoja tu kinataka nondo zake ziwe juu, ndiko kinakochanikia. Mimi sikujua. Paskali alijua, maana alizifunga nyingi kreta. Lakini Paskali siku hiyo alikuwa amekwenda Karatu kufuata misumari, na misumari hiyo ilikuwa ndani ya vilabu vya pombe, maana alirudi baada ya siku mbili bila hata mmoja. Akalipiga zege kofi, likiwa bado na unyevu, akasema safi. Hakuuliza nondo ziko wapi.

Wa pili mwenye kosa, baada ya Paskali, ni Lohay, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Huyu naye namtaja. Alikuwa anasubiri wageni, akataka mbao zetu za fomu ajenge jukwaa la kukalia. Nilimwambia zege halijakomaa, lina siku tatu tu. Akaniuliza, kijana, wewe ndiye kamati? Nikachukua nyundo, nikaingia chini ya kofia, nikaanza kuangusha mirunda. Wa tatu, basi, ni mimi. Nilikuwa na mdomo na sikuutumia.

Mrunda wa mwisho ulipotoka nilisikia sauti ndogo, kama mtu anakunja karatasi. Halafu vumbi. Nakumbuka nilikuwa nimelala chali na anga ilikuwa pana, buluu iliyochujuka, na mwewe mmoja anazunguka bila haraka yoyote, nami nikamfuata kwa macho mzunguko baada ya mzunguko, nikiona jinsi anavyoinamisha bawa moja. Sikusikia maumivu. Nilimsikia tu Ama kutoka dirishani akiita jina langu, yule asiyeweza kuinuka, anaita na kuita, wakati waliosimama karibu yangu wameduwaa.

Mguu wa kushoto ulivunjika mara tatu. Nikabebwa hospitalini. Nyuma yangu Paskali aliwaambia kamati kwamba kijana alizidisha mchanga, na Lohay akatikisa kichwa kukubali. Na ilipofika Jumapili, dirisha liko wazi na jua linaingia kama lilivyozoea, wana wa Ama walikuja na machela, wakamchukua. Siwalaumu. Waliahidiwa kivuli, wakaonyeshwa kifusi.

Baada ya wiki kadhaa hospitali nayo ilijaa, wakanirudisha Baray nimalizie kulala. Unajua walinilaza kitanda gani. Kilikuwa kitupu kimoja tu.

Sijui nikuelezeje miezi ile. Mtu akilala chali muda mrefu, siku hazifuatani tena, zinachanganyika kama maji ya mito miwili. Nilikuwa nasinzia nikiwa Baray, naamka nikinusa ukungu wa kwetu na moshi wa mti wa mwerezi, kisha natambua ni joto tu linanichezea. Na kila alasiri doa lile la asali linakuja. Nilianza kulichukia, halafu nikalizoea, halafu nikaanza kulisoma. Nilimwomba nesi kipande cha mkaa, nikawa naweka alama ukutani mahali linapoishia. Nikaona halirudi mahali pamoja. Kutoka Septemba kuelekea Krismasi lilikuwa linahama, kidole baada ya kidole, ukingo wake ukauacha mto wangu ukaanzia kwa jirani yangu wa upande wa kaskazini, maana jua lenyewe lilikuwa linazama kila siku kusini kidogo zaidi, juu ya ukuta wa milima ng'ambo ya ziwa. Na alasiri moja kabla halijaniacha, saa kumi na moja lilipofika machoni, niliinua mkono. Ulikwenda mbele wenyewe. Ukasimama. Nikalia, mwanangu, na nesi akadhani ni mguu.

Januari nilianza kutembea kwa magongo. Sikuomba ruhusa ya mtu. Niliagiza mabanzi kutoka kwa wapasuaji wa Karatu, zile mbao za ganda ambazo hakuna anayezitaka. Nikasimika nguzo hatua moja kutoka ukutani, mbele ya dirisha, nikaziendeleza kupita dirisha kulia na kushoto kwa sababu nilishaona jua linavyohama. Juu ya nguzo nikapigilia mabanzi moja chini ya jingine, kila moja limeinamisha uso wake chini, na la juu likifunika kichwa cha lile lililo chini yake, yasigusane. Nikaishia usawa wa goti. Jua lililoinama likakuta mbao. Upepo ukapita katikati, na mgonjwa aliyelala akaendelea kuona kipande cha ardhi, kuku na miguu ya wapita njia. Ubaya wake ni kwamba ziwa halikuonekana tena. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuliulizia.

Siku ya kwanza nilirudi nikalala kitandani makusudi, nikasubiri. Saa tisa. Saa kumi. Saa kumi na moja wodi ilikuwa na mwanga mpole wa kijivu, kama wa asubuhi ya kwetu, na mzee wa kitanda cha jirani alikuwa amelala usingizi na mdomo wazi.

Nikaenda kwa Ama. Nilisafiri siku nzima kwa magongo na kwa mkokoteni wa punda. Nilimkuta ameketi juu ya ngozi nje ya nyumba yake, nyonga imeungana vibaya, mguu mmoja umekunjika upande daima. Hakutembea tena, mpaka kifo chake miaka miwili baadaye. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Yote yalikwisha. Nikasema tu, Ama, nililala kitanda chako.

Akanigeukia.

“Jua lilikufikia wapi?”

“Machoni.”

“Saa ngapi?”

“Saa kumi na moja kasoro kidogo.”

Akapapasa ngozi kando yake, nikae.

“Basi sasa tunaweza kuongea,” akasema.

Tukaongea. Kivuli cha nyumba kilikuwa kinasogea, na kila kilipomwacha nilivuta ngozi pamoja naye, taratibu, bila yeye kuomba.

Haya ndiyo ninayokuachia, wewe unayeshika futi leo. Siku hizi nawaona mkijenga Karatu na kule juu, vioo vipana, mnanakili nyumba kutoka mlima mmoja kwenda bonde jingine. Usifanye hivyo. Kabla hujachora dirisha, ingia chumbani alasiri ulale pale atakapolala mwenye chumba. Ubaki hapo mpaka jua lizame. Urudi tena baada ya miezi sita, maana litakuwa limehama. Jua la mchana livalishe kofia. La jioni na la asubuhi lisimamishie kitu mbele yake, mbali kidogo na ukuta, penye nafasi ya upepo. Nondo za kinachoning'inia weka juu. Mbao za fomu usizitoe kwa kuogopa cheo cha mtu. Na aliyelala akikwambia neno, usimcheke, hata kama hajui kusoma ramani. Yeye ameisoma nyumba yako kwa ngozi yake. Ukikosea, sema umekosea mapema, wakati bado kuna Jumapili mbele.

Mimi chuki yangu kwa Paskali na Lohay sijaimaliza, sikudanganyi. Naiweka hapa ili wewe usiibebe.

Mungu akuongozee mikono, mwanangu. Akupe masikio yanayoweza kuinama hadi usawa wa kitanda. Kila ukuta utakaousimamisha uwe na mtu anayelala nyuma yake kwa amani alasiri, na siku utakapolazwa wewe, ukute kivuli kimekwisha kufika.