Lori la Kutuhamisha

Siku ile lori la serikali lilipokuja kutuhamisha, mwanangu, bado naikumbuka, ingawa mengine mengi yameshanitoka kichwani. Umeniambia umepata kazi huko Itumba, na kazi yenyewe ni kuwahamisha watu wanaokaa kando ya mto kwa sababu ya mafuriko. Hongera. Basi kaa nikueleze, halafu uende zako, maana siku hizi nikiongea sana pumzi inakata.

Wakati huo alitawala Mwingereza. Nilikuwa mke kijana, nimeolewa huko chini upande wa Mbangala, porini kabisa, na nilikuwa na mtoto mmoja tu, ndiye mama yako. Huko kulikuwa na mbung'o, wale nzi wanaouma hata juu ya nguo, nao ndio waliotuletea malale. Mtu anaanza na homa, shingo inavimba, halafu anasinzia mchana. Anasinzia akila, anasinzia akiongea na wewe. Mwisho haamki. Tulizika watu mpaka majembe yakawa ya makaburi zaidi kuliko ya shamba. Tulijaribu kila dawa tuliyoijua, tukaomba kanisani, tukachoma vichaka, tukashindwa. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba serikali haikutakiwa kuja. Ilitakiwa, tena ilichelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa naisubiri kwa hamu, maana mama yako alikuwa ameanza kusinzia mchana.

Bwana mmoja Mzungu wa serikali akatuambia tutapelekwa mahali palipofyekwa, hakuna mbung'o, na kuna mganga wa serikali mwenye sindano. Nilifunga mizigo yangu kabla ya wenzangu wote.

Sasa sikiliza, hapa ndipo ninyi wa siku hizi mnapocheka. Kwetu, mwanamke aliyeolewa hakumsogelea baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hali chakula pamoja naye, na akimwona njiani anaingia majanini mpaka apite. Jina lake halitaji. Ndiyo maana hata leo hujanisikia nikimwita babu wa mama yako kwa jina, wala hutanisikia. Ilikuwa heshima, naye pia aliilinda: akikaribia nyumbani kwangu alikohoa tangu mbali ili nipate kujificha. Cheka tu, nimeshazoea.

Lori lilikuja asubuhi, moja tu. Yule bwana Mzungu alikuja nalo, na askari, na karani kijana kutoka mbali, amevaa viatu vinang'aa. Karani akatangaza: wazee wapande kwanza, halafu kina mama wenye watoto, na wanaume wenye nguvu watangulie kwa miguu na mizigo. Ukisikiliza ni utaratibu mzuri. Hata mimi ningeupanga hivyo kama ningekuwa mgeni. Wazee wakapanda, baba mkwe wangu akakaa mbele kabisa, ameegemea ubao. Kisha tukaitwa sisi.

Hakuna aliyepanda. Kila mmoja wetu alikuwa na mkwe wake mle ndani! Tulisimama tumeinamisha vichwa, kaniki tumezishusha usoni. Karani akapiga kelele, sisi tukazidi kuinama. Kusema hatukuweza, maana utayasemaje mambo ya mkwe na mkwe mwenyewe yupo hapo anakusikia? Waume zetu walikuwa wameshaondoka na mizigo. Karani akamgeukia mkubwa wake.

"Bwana, hawa wanakataa kuhama."

Bwana akakasirika. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Uso ulikuwa umemwiva kwa jua, na vijiji vingine vilikuwa vinamngoja. Akaamuru nyumba zichomwe, tusipate pa kurudi. Loo! Niliiona nyumba yangu ikiungua huku mtoto wangu yuko mgongoni, kichwa kinaning'inia, wala moshi haumwamshi. Moyoni nililia, Mungu wangu, nipande nimvunjie mzee heshima mbele za watu, au nibaki mtoto anifie? Nilitaka kupanda, nikabaki nimeinama pale pale. Askari mmoja akanishika mkono, akaanza kunivuta.

Ndipo baba mkwe akakohoa. Nikageuka kando upesi. Nikamsikia anashuka, anahema, maana magoti yake yalikuwa mabovu. Akamwendea karani, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga:

"Kijana, umesema wanakataa. Umewauliza wanakataa nini?"

Karani akamgeukia tena mkubwa wake, lakini mzee akaendelea.

"Wanakataa kukaa na sisi wakwe zao. Kuhama wanataka sana. Ungetuuliza jana, sisi wazee tungeondoka jana ile ile, usiku, mbung'o wamelala."

Halafu, bila kunitazama, akaanza kuongea na fimbo yake. Ndivyo ilivyokuwa, mzee anaongea na kitu ili mkwe asikie. Akaiambia fimbo, "Mwenye mtoto apande. Mtoto asichelewe sindano."

Wazee wote wakashuka, nasi tukapanda. Bwana alisikia yote, na nadhani alielewa, maana alivua kofia akabaki ameishika. Lakini hakusema lori lirudi kuwachukua wazee. Labda mafuta, labda haraka, sijui. Wazee wakaingia msituni kwa miguu, jua limesimama, msitu ule ule ambao serikali yenyewe ilikuwa imekataza watu kupita kwa ajili ya mbung'o.

Mama yako alichomwa sindano, akalia sana, akapona. Baba mkwe alifika kesho yake, ameumwa mwili mzima, akawa anawatania wenzake kwamba mbung'o wamemwonea kwa sababu ya utamu wake. Baadaye, mvua zilipokwisha, akaanza kusinzia mchana. Alificha, yule mzee, alificha mpaka sindano haikumfaa tena. Nilikuwa namkorogea uji, nauweka mlangoni, naondoka. Sikuweza hata kumshika mkono. Alipokufa ndipo niliporuhusiwa kuingia, na hiyo ikawa mara yangu ya kwanza kumtazama usoni. Alikuwa na paji la uso kama la mama yako, lile lile. Nililia mpaka wanawake wenzangu wakanitoa nje.

Na lori unauliza? Lilikwenda kijiji kingine. Moja vilevile, wazee kwanza, kina mama baadaye. Nilipoambiwa hata sikukasirika. Nilichoka, na uchovu huo haujaniisha mpaka leo.

Sasa wewe unakwenda mtoni. Nenda. Mafuriko yanaua, usiwaache watu wafe eti unaheshimu mila zao. Jambo likiwazidi watu nguvu, serikali ije, na hayo mashirika yenu yaje, tena mapema. Lakini wewe tangulia bila gari. Keti nao, kula ugali wao, uliza ni wakati gani wanaweza, nani hawezi kukaa na nani, na kitu gani hawawezi kukiacha nyuma. Wanawake waulize peke yao, maana mbele ya wakwe hawatakujibu. Na ukimwona mtu amesimama kimya hapandi, usikimbilie kumwita mkaidi. Muulize anakataa nini, kisha ungoje jibu, hata kama mkubwa wako anatazama saa. Yule bwana alisema kweli tupu kuhusu mbung'o, mwanangu, na bado mzee wangu alikufa kwa mbung'o.

Haya, inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu akutangulie huko mtoni, akupe uvumilivu wa kusikiliza hata ukiwa umechoka, na wote utakaowahamisha wafike salama, wazee kwa watoto. Amina.