Uzito wa Kiti cha Abiria

Kinyozi alilipenda gari lake kupita kiasi. Lilikuwa gari la mbio la zamani, la viti viwili, limekaa chini chini na gumu kama benchi la kituo cha polisi. Mkewe alikuwa akiliita mke mwenza. "Mke mwenzangu keshaoshwa?" aliuliza kila Jumapili, na mumewe akacheka, kitambaa mkononi.

Maradhi ya mifupa yalipomlaza yule mama, utani ulibaki ila safari zikaisha. Kila tuta lilimtoa machozi. Alibakiwa na haja moja tu, kumwona dada yake mkubwa, asiyejiweza miguu, aliyekaa ng'ambo ya mji. Fundi, rafiki wa mumewe, alijitolea kumpeleka kwa gari lake la kazi. Mama akakataa katakata.

"Nimegombana na mke mwenzangu miaka yote, shemeji. Anipeleke yeye. Nyie mfundisheni adabu."

Basi wanaume wawili wakaliinua gari kwa jeki pale uani. Wakatoa springi ngumu wakatia laini, wakabadilisha shokapu zilizovuja, wakang'oa bushi, ile mipira inayoshika mikono ya magurudumu, wakatia mpya. Kinyozi, mtu wa wembe na mkasi, alichubuka vidole vyote na hakulalamika. Tangu daktari awaambie ukweli, hiyo ndiyo mara ya kwanza alipokuwa na kitu cha kufanya.

Ikabaki kukaza bolti zinazoibana ile mipira.

"Hatukazi likiwa juu," fundi alisema. "Lishuke, libebe uzito litakaoubeba barabarani, la sivyo mipira itajipinda ichanike. Wewe kaa kwenye usukani. Kiti cha shemeji tuweke nini?"

"Mfuko wa saruji, na ndoo ya mchanga juu yake," kinyozi alijibu bila kufikiri. Mkewe alikuwa mtu wa mwili.

Mama mwenyewe alikuwa mlangoni, amejifunika shuka. "Toeni hiyo ndoo," alisema. Wakaitoa. Akautazama mfuko. "Na saruji mpunguze."

Kinyozi alishika usukani asigeuke. Fundi ndiye aliyeupasua mfuko akachota kwa kopo, akamtazama shemeji yake, akachota tena, na tena, mpaka mama akainua mkono kwamba basi.

Bolti zikakazwa, mume na mke wakaenda. Kwenye matuta kinyozi alibana pumzi, lakini mama hakulia hata mara moja. Yeye na dada yake walishinda wakinong'ona na kucheka, na wakati wa kurudi alilala, gari lisimwamshe. Mwezi haukuisha, akafa.

Baadaye kinyozi alikwenda kwa fundi, amekonda. "Ile saruji iliyokaa kwenye kiti chake iko wapi?"

Fundi aliona aibu. "Nimezibia ufa wa choo, ndugu yangu."

Kinyozi alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Marehemu angecheka sana. "Basi zilegeze bolti, uzikaze upya. Kiti kikiwa kitupu."

"Ukiniuliza mimi, ziache."

"Hakuna anayekaa pale. Zikaze."

Fundi akaingia chini ya gari. Spana ikagonga hapa, ikagonga pale. Kinyozi alishakaa sana chini ya gari lile, aliijua sauti ya bolti inapolegea, na upande wa abiria hakuisikia.

"Tayari," fundi alisema, akijipangusa mikono isiyo na grisi.

Kinyozi akamshukuru. Akarudi nyumbani akiyapanda matuta polepole, moja moja, kama aliyebeba mgonjwa.