Kuku wa Nyumba Iliyotulia

Nakumbuka, mwanangu, nyumba moja kule Wamaza, nilipokuwa kijana wa kutangatanga. Shule niliiacha mapema, mashimo ya dhahabu ya Salamabila yakanichosha, nikaangukia kwa fundi Amisi wa Kasongo, aliyechora nyumba kwenye kompyuta. Nilimsumbua kwa maswali mpaka akanipa kiti kando yake, anifundishe.

Kazi yetu ilikuwa ukuta wa fremu za mbao, uliojazwa makapi ya mpunga na kupakwa udongo. Haukutaka matofali ya kuchoma, yale yanayokula msitu na kutuachia moshi. Kwenye kompyuta, joto lilionekana jekundu, ubaridi bluu. Wekundu wote uliingilia juu, kwenye uwazi ambao watu wa kule huuacha kati ya ukuta na paa. Nikauziba. Chumba kizima kikawa bluu, kimya kama maji ya kisima.

Nyumba ilikuwa ya Furaha, aliyekaribia kujifungua. Mzazi kule hulala na mbabula, jiko la makaa, chumbani, ili yeye na mtoto wapate joto. Bibi yake, tuliyemwita Koko, aliitazama picha yangu kwa muda mrefu.

"Ndani iko nani?"

"Hakuna mutu, Koko. Ni picha tu."

"Ndiyo maana imetulia hivyo."

Amisi alicheka, nami nikacheka. Tukajenga kama picha ilivyosema.

Siku ya kuhamia, Koko alimzuia Furaha mlangoni na mtoto wake mikononi. Nyumba mpya, alisema, haipokei mtoto kabla ya kuku. Akaingiza kuku mweupe na mbabula ya mzazi, makaa yakiwaka, akafunga. Mvua ikanyesha. Niliegemeza sikio ukutani. Makapi yalikuwa yamemeza kila sauti.

Alasiri tukafungua. Hapakuwa na moshi wala harufu; hewa mbaya ya makaa haikuwa na pa kutokea. Kuku alikuwa amekaa kama anayeatamia, macho wazi, hata unyoya haujavurugika. Nilipomgusa, kichwa kiliinama polepole mpaka chini. Nyuma yangu mtoto akalia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Koko hakunitukana. "Ukuta umeuchora vizuri," akasema. "Moto uliuchora wapi? Na pumzi?"

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikaweka makaa, nikaweka mama na mtoto, nikafungua juu. Wekundu ukarudi kama kidonda. Kisha tukauzibua uwazi wa nyumba yenyewe, na upepo ulipopita ulitoa sauti nyembamba, kama ya mtu aliyelala. Koko akasikiliza.

"Sasa iko mutu," akasema. Sikuthubutu kuuliza ni nani.

Mwanangu, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Chora, pima, punguza joto. Mimi mpaka leo nachora. Lakini usifunge ukuta kabla hujawaweka ndani watakaolala humo, na moto wao, na njia ya pumzi zao. Na mzee akikuuliza swali la kuchekesha, lijibu kwanza, ucheke baadaye.

Mungu akujalie nyumba yenye ubaridi, na kila anayelala ndani yake aamke.